Chiang Kai-shek na kodi ya kiwanja

Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Vibanda vilikuwa vyao, wamevijenga kwa miti, udongo na makuti yao wenyewe. Lakini ardhi iliyokuwa chini ya vibanda hivyo ilikuwa mali ya mabwana ardhi, na kila mwezi ulipoandama mkusanyaji kodi alibisha hodi. Mwaka huohuo, mwezi wa Juni, majeshi ya Chama cha Kuomintang chini ya uongozi wa Jemadari Chiang Kai-shek yaliingia Beijing, na China ikatangazwa kuwa nchi moja. Matukio hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote. Hata hivyo, aliyewahi kudaiwa kodi ya mahali anapolaza ubavu wake ana kipimo kizuri cha kumpimia jemadari huyo.

Imekuwa desturi kumtaja Chiang kwa neno moja, kibaraka, kisha kufunga daftari. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, na wepesi wake una hasara. Ikiwa Chiang aliangushwa kwa sababu tu alikuwa kibaraka, basi kila kiongozi na kila mtumishi wa umma asiye kibaraka anaweza kulala usingizi bila ya wasiwasi. Historia haikutoa dhamana hiyo.

Ukweli ni kwamba Chiang alikuwa mzalendo. Alizaliwa mwaka 1887 katika jimbo la Zhejiang, akasomea uaskari nchini Japani, akamfuata Dk. Sun Yat-sen, na mwaka 1924 akakabidhiwa chuo cha kijeshi cha Whampoa, ambako wakufunzi wa Kisovieti walifundisha na ambako idara ya siasa iliwahi kuongozwa na Zhou Enlai, yuleyule aliyepokewa Tanzania kwa shangwe mwezi Juni, 1965. Mwaka 1926 alianza safari ya kaskazini kuwafyeka wababe wa vita waliokuwa wamejigawia majimbo. Japani ilipoivamia nchi nzima mwaka 1937, alipeleka vikosi vyake bora Shanghai vikateketea. Mji wake mkuu wa Nanjing ukatekwa tarehe 13 Desemba na raia wake wakachinjwa. Naye akahamia Chongqing, akakataa kusalimu amri kwa miaka minane. Kibaraka wa Wajapani alikuwepo, naye ni Wang Jingwei, aliyekubali kusimikwa Nanjing mwaka 1940. Isitoshe, ni serikali ya Chiang iliyofanikiwa mwaka 1943 kufuta mikataba iliyowapa Waingereza na Wamarekani haki ya kutoshitakiwa katika mahakama za Kichina. Hayo si mambo madogo kwa taifa lililodhalilishwa karne nzima.

Basi alianguka kwa nini?

Tarehe 12 Aprili, 1927, aliwageukia wafanyakazi wa Shanghai na Wakomunisti waliokuwa wameufungua mji huo kwa ajili yake, wakauawa ovyo. Tangu siku hiyo fedha zake zilitoka kwa mabwanyenye wa benki, na amri zake vijijini zilipitia mikononi mwa makabaila. Mwaka 1930 serikali yake ilitunga sheria ya ardhi iliyosema kodi ya shamba isizidi asilimia 37.5 ya mavuno. Ilikuwa sheria nzuri. Ilibaki katika makabati, na katika sehemu nyingi mkulima aliendelea kutoa nusu ya jasho lake, kwa kuwa afisa aliyepaswa kuitekeleza alikuwa ama mwenye shamba, ama mtoto wa mwenye shamba, ama mgeni wake wa chakula cha jioni. Mwaka 1938 majeshi yake yalibomoa kingo za Mto Manjano ili kumchelewesha Mjapani, na wakulima kwa malaki wakafa bila hata kuonywa. Njaa ilipoingia Henan mwaka 1942, kodi ya nafaka iliendelea kukusanywa. Miaka miwili baadaye wakulima wa jimbo hilo waliwapokonya silaha askari waliokuwa wakirudi nyuma. Askari hao walikuwa wa taifa lao wenyewe.

Sehemu inayowahusu zaidi watumishi wa serikali na walimu ni ya mwaka 1945. Mjapani aliposhindwa, maafisa walitumwa Shanghai, Nanjing na miji mingine kupokea viwanda, maghala na majumba yaliyokuwa mikononi mwa adui. Walipokea kwelikweli. Funguo za umma ziligeuka funguo za nyumbani, na raia waliosubiri ukombozi kwa miaka minane wakaona bwana mmoja ameondoka na mwingine anapandisha mizigo ghorofani. Kisha fedha ikaoza. Mwezi Agosti, 1948, ilitolewa yuani mpya ya dhahabu, moja kwa milioni tatu za zamani, na kila raia akaamriwa kusalimisha dhahabu na fedha yake. Walioitii amri hiyo zaidi ni wale waliozoea kutii, yaani walimu, makarani na wenye akiba ndogo. Haukupita mwaka mmoja yuani hiyo nayo ikawa karatasi tupu. Wakomunisti walipoingia mijini mwaka 1949, watu hao hawakuwa na sababu ya kumlilia Chiang.

Unguja nako funguo zilibadili mikono. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya serikali, wakulima wakagawiwa eka tatu tatu, majumba ya Mji Mkongwe yakataifishwa, na Ng'ambo ikainuliwa majumba ya ghorofa, Kikwajuni, Kilimani na Michenzani. Kodi iliyogomewa mwaka 1928 ikapata jibu lake. Lakini kila ufunguo una historia yake, nani alipewa na kwa nini, na wazee wa Ng'ambo wanaikumbuka kuliko majalada.

Chiang alikimbilia Taiwan mwezi Desemba, 1949, akabaki na kiti cha China katika Umoja wa Mataifa kwa miaka 22. Watu wa Zanzibar wanakifahamu kiti cha namna hiyo. Katika uchaguzi wa Julai, 1963, Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote na viti 13 tu kati ya 31. Serikali iliyoundwa na wengine ikapokewa New York tarehe 16 Desemba kwa heshima zote, na tarehe 12 Januari haikuwepo tena. Cha Chiang kilidumu zaidi kwa kuwa Marekani ilikishikilia. Kiliondolewa tarehe 25 Oktoba, 1971, kwa kura 76 dhidi ya 35, nchi 17 zikijizuia. Miongoni mwa waliosimama mbele katika kazi hiyo alikuwa Mzanzibari mwenye umri wa miaka 29, Ndugu Salim Ahmed Salim, mwakilishi wa Tanzania. Marekani haikumsahau, mwaka 1981 ilimzuia kwa kura ya turufu asiwe Katibu Mkuu.

Utawala wa Chiang kisiwani ulikuwa wa mkono wa chuma. Maelfu waliuawa na majeshi yake mwaka 1947, kabla hata yeye hajahamia, na sheria ya kijeshi iliyotangazwa mwaka 1949 haikuondolewa ila mwaka 1987, miaka 12 baada ya kifo chake. Lakini hukohuko Taiwan serikali yake ilipunguza kodi ya mashamba mwaka 1949, na mwaka 1953 ikanunua ardhi ya makabaila kwa amri na kuwauzia waliokuwa wakiilima. Mabwana ardhi wa Taiwan hawakuwa jamaa za maafisa wake, wala hakuwa na deni kwao. Kiwango cha juu cha kodi kilichowekwa mwaka huo wa 1949 kilikuwa asilimia 37.5 ya mavuno, tarakimu ileile ya sheria ya 1930.