Kalamu ya Babu Si Hirizi

Wiki tatu zilizopita nilikuwa Feri, kwenye foleni ya pantoni ya kwenda Kigamboni. Nikainama kutafuta kadi ya nauli, kalamu ya babu ikachomoka na kupiga sakafu kwa mdomo. Kofia yake ikabaki inaning'inia kwenye mfuko wa shati. Nibu ikapinda, na ganda linaloifunika likapata ufa mwembamba kama unywele.

Ni Parker 51, ile inayovuta wino kwa kubonyezwa, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948. Babu alikuwa karani bandarini. Mchana aliandikia orodha za shehena, usiku mashairi.

Nikatupia picha kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenda vitabu. Jamani! Haikupita nusu saa, kambi zikawa mbili. Ya kwanza: "Usiiguse, mafundi wataiua. Itie kwenye fremu, huo ni urithi." Ya pili: "Agiza vipuri vipya nje, ing'arishwe, iwe kama imetoka dukani leo." Mmoja akachomekea: "Nunua biki ya mia tano uendelee na maisha." Huyu wa biki sina ugomvi naye, angalau anawaza kuandika. Ugomvi wangu ni na hao wengine.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kalamu hii haijaandika neno tangu babu afariki, miaka kumi na moja sasa. Nilikuwa naibeba kama hirizi. Nikienda kwenye mahojiano naichomeka mfukoni, watu wanaisifia, halafu maelezo yote naandika kwenye simu. Kwa hiyo mnaponiambia "usiiguse", mnanishauri niendelee na kilekile kilichoiharibu.

Maana sakafu ya Feri inasingiziwa. Niliipeleka kwa mzee mmoja, fundi saa, Kariakoo, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Akaifungua, akaitazama kwa lenzi yake ya jicho, akaniuliza: "Mjukuu wangu, mliiacha na wino ndani miaka yote hii?" Nikakosa jibu. Nibu, akasema, inanyooka. Ufa unazibika. Kesi kubwa ni wino uliokauka na kuziba njia zote. Dawa yake ni maji ya baridi: unavuta, unatoa, unailoweka usiku kucha, unarudia mpaka maji yatoke safi. Maji ya moto yanaipinda hiyo plastiki, na spiriti inaweza kuipasua.

Kambi ya kwanza wana hoja moja ya kweli: fundi asiyejua anaua. Koleo, supagluu, kwisha habari. Nakubali. Lakini kama shida ni fundi mbaya, tafuta fundi mzuri. Fremu inaingiaje hapo? Mliona wapi mkulima anatundika jembe ukutani eti lilikuwa la marehemu baba?

Kambi ya pili nao wanapenda kung'arisha kuliko kuandika. Kule mkiani kuna alama za meno. Babu alikuwa akiitafuna vina vikimgomea, nilimwona mwenyewe nikiwa mdogo. Nikipiga msasa, alama zinakwenda. Nikibadilisha ganda, nibu na mwili, nitakuwa nimenunua kalamu nyingine na kuipachika jina la babu.

Mtauliza, hasira yote hii ya nini kwa kalamu moja? Ni kwa sababu ndivyo tunavyowafanyia waandishi wetu. Shaaban Robert naye alikuwa karani wa forodha kabla hajawa jina la mtaa hapa mjini. Tunaupita huo mtaa kila siku, tunamwita gwiji, na ukiuliza mtu kitabu chake gani umekisoma mpaka mwisho, anaanza kuangalia viatu vyake. Hiyo ni heshima ya kwenye fremu, na wino unakauka humohumo.

Basi nimeamua. Nimemlipa mzee elfu ishirini, bila kuomba apunguze, anyooshe nibu na kuziba ufa. Nikamwomba asiing'arishe. Akacheka, akasema hakuwa na mpango huo. Leo inaandika. Inakwaruza kidogo kwenye herufi za mviringo na inanichafua kidole cha kati, ila rasimu ya makala haya imetoka humo.

Ninyi wenye kalamu za wazee kwenye droo, ziloweni usiku wa leo. Anayetaka kunibishia aje na kalamu yake, tuone kama inaandika.

Mimi kwa sasa nanakili daftari la mashairi ya babu, ambalo halikufunguliwa tangu siku ya arobaini yake. Wote tuliilinda kalamu, hakuna aliyelikumbuka daftari. Kurasa nne za mwanzo mchwa wamezimaliza.