Mbunge na Dawa Zitokazo Ng'ambo

Ni desturi ya mabunge mengi kuyagawa mambo ya nchi katika mafungu, mambo ya nje yakawa na kamati yake, afya ikawa na yake, na mambo ya ndani kama kodi, maji na barabara yakabaki kuwa ndiyo hasa ambayo mbunge wa kawaida huyaona kuwa yamempeleka bungeni. Mgawanyo huo unafaa katika kuendesha shughuli, kwa kuwa hakuna mtu mmoja awezaye kuyajua yote. Lakini ukigeuka kuwa mgawanyo wa fikra, mbunge akadhani kwamba mambo ya nje ni ya mabalozi na hayamgusi mgonjwa wa jimboni kwake, huhatarisha uhai wa watu.

Ushahidi wa jambo hilo ni PEPFAR, yaani mpango wa dharura wa Marekani wa kupambana na UKIMWI katika nchi nyingine, ambao Rais George W. Bush aliupendekeza Januari 2003, na Bunge la Marekani, liitwalo Kongresi, likautungia sheria Mei mwaka huohuo kwa kuidhinisha dola bilioni 15 kwa miaka 5. Wajumbe wa vyama vyote viwili waliuunga mkono, wengine kwa imani yao ya dini, wengine kwa kuona kwamba nchi iliyodhoofishwa na maradhi huvurugika upesi na kuwa tatizo la usalama hata kwa walio mbali. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupewa kipaumbele, na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ambazo hapo kabla walizimudu wachache, zikaanza kuwafikia watu wengi bila malipo. Kura iliyopigwa Washington kama sera ya mambo ya nje ilipokewa Mbeya na Kisumu kama huduma ya afya.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe upya, na ingawa ruhusa maalumu ilitolewa baadaye kwa huduma za kuokoa maisha, kazi nyingi zilikuwa zimekwisha kukatika na watumishi wameachishwa. Kisha Kongresi ililetewa muswada wa kufuta takriban dola bilioni 9 ambazo yenyewe ilikwisha kuziidhinisha, zikiwamo dola milioni 400 za PEPFAR. Baadhi ya maseneta wa chama cha Rais mwenyewe, akiwamo Susan Collins wa Maine, walilipinga waziwazi punguzo hilo la PEPFAR, nalo likaondolewa kabla muswada haujapita Julai 2025. Msimamo huo ulikuwa wa heshima; hata hivyo seneta huyo huwajibika kwa wapiga kura wa Maine, na mgonjwa wa Mbeya hana kura huko wala njia ya kumhoji.

Wa kumhoji yuko Dodoma. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 63, imelipa Bunge mamlaka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, kumwuliza waziri yeyote swali, na kujadili na kuridhia, yaani kuikubali ili iifunge nchi, mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Novemba 2023 Bunge hilo lilipitisha muswada wa bima ya afya kwa wote, na lilistahili pongezi. Lakini bima ni chombo cha kuchangiana gharama, na gharama haziwezi kukadiriwa kwa haki pasipo kujua ni sehemu gani ya dawa, vipimo na mishahara inayolipwa na wageni, na kwa mikataba ya muda gani. Huko Abuja mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi kuitengea afya angalau asilimia 15 ya bajeti zao, na zaidi ya miaka 20 baadaye nchi nyingi hazijaifikia ahadi hiyo.

Wako watakaosema kwamba mbunge amefungwa mikono, maana ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Hofu hiyo ina msingi, na wanaotaka ibara hiyo irekebishwe wana hoja nzito. Hata hivyo, kuikataa bajeti nzima na kudai fungu moja lifafanuliwe ni mambo mawili tofauti, na ibara ya 100 inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge. Anayenyamaza asiisingizie Katiba.

Mkutano wa bajeti huanza Aprili, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kabla ya hapo wapiga kura wa kila jimbo na wamwulize mbunge wao ni dawa zipi katika hospitali ya wilaya yao zinazonunuliwa kwa fedha za nje, mkataba wake unakwisha lini, na Serikali imetenga nini cha kuziba pengo. Kisha wayatafute maneno yake katika Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za majadiliano ya Bunge, waone kama aliyoyaahidi jimboni ndiyo aliyoyasema ukumbini.