Taa ya Gari si Kipuli

Desturi ya kuzipamba taa za mbele za magari imeenea nchini, tangu maduka ya spea ya Kariakoo hadi gereji za chini ya mwembe katika wilaya za Mbinga na Nyasa. Kijana anunuapo gari lililotumika Japani, au dereva akabidhiwapo Noah ya kuchukulia abiria, jambo la kwanza ni kuking'oa kile kioo cha taa kilichofifia na kutia kipya cheupe, kinachong'aa kama maji ya kisimani. Kioo cha indiketa kilichokuwa na rangi ya chungwa nacho hutolewa, kikawekwa kisicho na rangi. Gari hupendeza, na mwenyewe husifiwa njia nzima.

Hatuandiki leo kuwakemea vijana kwa kupenda kitu kizuri. Mtu aliyejinyima miaka mingi hata akapata gari ana haki ya kulipamba, kama mwenye nyumba alivyo na haki ya kuipaka chokaa. Lakini hatuna budi kusema wazi kwamba taa ya gari si kipuli cha sikioni. Kipuli humhusu akivaaye peke yake. Taa ya mbele humhusu kila mtu aliye barabarani, na zaidi yule anayekuja kwa miguu.

Kwanza tueleze kitu chenyewe, maana makosa mengi hutokana na kutokujua. Katika taa nyingi za zamani kioo cha mbele kilikuwa na mistari na mabonde madogo madogo. Mistari ile haikuwa mapambo. Ndiyo iliyoupinda mwanga, ikaushusha chini na kuutandaza barabarani. Katika taa za siku hizi kazi hiyo imehamishiwa kwenye kikombe cha ndani kinachong'aa, au kwenye lenzi ya duara iliyo mbele ya globu, na ndiyo sababu kioo cha nje kimekuwa cheupe kitupu. Basi fundi akitoa kioo chenye mistari na kuweka cheupe kitupu juu ya kikombe kile kile cha zamani, ameondoa kilichouongoza mwanga wala hakuweka kingine mahali pake. Mwanga hutawanyika huku na huko kama maji ya bomba lililopasuka. Dereva huona taa yake ni kali, kumbe ukali umekwenda juu ya miti na machoni pa watu, na barabara yenyewe imebaki gizani.

Ndivyo ilivyo pia kwa globu. Globu ya kawaida ina waya mwembamba unaowaka, na kikombe kimepimwa kwa kufuata mahali pa waya huo. Ukichomeka globu ya LED isiyokusudiwa taa hiyo, mwanga huanza mahali pengine, na kipimo chote huharibika. Kwa indiketa hatari ni ya namna nyingine. Ukiweka kioo cheupe huna budi kuweka na globu ya rangi ya chungwa. Usipofanya hivyo, gari lako linapogeuka huonyesha mmweko mweupe ambao dereva wa nyuma au wa mbele hajui maana yake.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Sisi twaendesha kushoto, na vivyo hivyo jirani zetu wa Msumbiji na Malawi, Kenya na Uganda. Taa ya dimu iliyotengenezwa kwa nchi kama hizi huinua mwanga kidogo upande wa kushoto, ukingoni, ili dereva amwone mtembea kwa miguu, na huushusha upande wa kulia ili asimpofushe anayekuja. Lakini taa iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, kama zile za Ghuba, Marekani, Rwanda au Kongo, hufanya kinyume. Hapa kwetu humpiga machoni dereva anayekuja na kumficha mwenda kwa miguu aliye ukingoni. Taa hiyo yaweza kuwa mpya na ya bei kubwa, na bado isitufae. Taa nyingi zilizotengenezwa kwa kufuata kanuni za Umoja wa Mataifa zina herufi E na namba ndani ya duara, na iliyokusudiwa kuendesha kushoto pekee huwa na mshale unaoelekea mkono wa kulia wa mtu anayeitazama kwa mbele. Mnunuzi na aitafute alama hiyo kabla ya kutoa fedha yake.

Sasa tufikirie mambo haya mahali petu. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami, nayo yashuka kutoka milima ya Umatengo hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa kwa kona nyingi. Huko juu ukungu ni jambo la kawaida, na mwanga uliotawanyika hugonga ukungu na kurudi machoni pa dereva yule yule aliyeuwasha. Kona zikiwa kali, gari linalokuja hutokea ghafula, na aliyepofushwa huendesha gari asiloliongoza kwa sekunde kadhaa. Kando ya barabara yuko mama na beseni lake la usipa, yuko mkulima atokaye shamba la kahawa, yuko mtoto aliyetumwa dukani, yuko kijana wa bodaboda aliyepakia magunia. Ukienda mbele hadi Liparamba, karibu na pori la akiba na mpaka wa Msumbiji, mbali na taa za mji, usiku ni giza kweli kweli. Huko hata mnyama aweza kukatiza njia, na dereva hana msaada mwingine ila taa zake mbili.

Wako watakaosema: gari ni langu, nimelinunua kwa jasho langu, nani atanipangia taa? Tunawajibu kwamba gari ni lako, lakini barabara ni ya wote, na macho ya mwenzako si mali yako. Wala si sisi peke yetu tunaolifanya jambo hili la umma. Marekani, tangu 1940 hadi 1983, ilishurutisha magari mapya yawe na taa zilizozibwa kiwandani, za maumbo machache tu. Ufaransa ilishika taa za rangi ya manjano tangu miaka ya 1930 hadi 1993. Twaweza kubishana kama sheria hizo zilikuwa za busara, lakini zaonyesha kwamba mataifa hayo hayakuiacha taa ya mbele kuwa shauri la mapenzi ya mtu mmoja. Na sisi tunayo Sheria yetu ya Usalama Barabarani tangu 1973.

Wako na wengine wenye hoja nzito zaidi. Husema kwamba kioo cha asili kimekuwa cha manjano, taa haionyeshi tena, na taa halisi ya kiwandani ni ghali. Hao wanasema kweli. Vioo vya siku hizi ni vya plastiki iitwayo polikaboneti. Jua hukila kile kipako kinachokilinda, na vumbi na kokoto za njia zetu hukikwaruza. Taa ya namna hiyo ni hatari kama ile inayopofusha. Lakini dawa ya kwanza ni kukisugua kioo kwa msasa laini wa maji na kukipaka upya rangi angavu inayozuia jua. Anayesugua bila kupaka, au anayetumia dawa ya meno, atauona umanjano ukirudi upesi. Taa ikiwa imepasuka au kikombe chake kimechakaa, yafaa ibadilishwe yote nzima, tena zote mbili pamoja.

Na hapa tuna neno kwa wenye magari. Mara nyingi dereva wa kuajiriwa ndiye anayesimamishwa usiku, ndiye anayelipa faini, na ajali ikitokea ndiye anayepelekwa mahakamani, hali yule aliyeagiza spea ya bei rahisi amelala kwake. Hilo si haki. Mwenye kupokea faida ya gari ndiye mwenye wajibu wa kulipia taa zake. Na dereva anayepewa taa mbovu asione haya kukataa safari ya usiku. Vyama vya madereva vimsimamie, maana anayatetea maisha yake na ya abiria wake.

Kwa mafundi wetu ombi letu ni dogo. Kila mnapobadilisha taa, msimruhusu mwenye gari aondoke kabla hamjaipima. Liwekeni gari mahali tambarare mbele ya ukuta, mita 10 kutoka ukutani. Pimeni urefu wa taa kutoka ardhini, kisha tazameni ukingo wa juu wa mwanga wa dimu ukutani: ushuke chini ya kipimo kile kwa kiasi cha sentimita 10. Kumbukeni pia kwamba gari likijazwa mahindi au kahawa nyuma, mbele huinuka, na taa huinuka nalo. Kazi hii haihitaji mashine, yahitaji chaki, futi na uaminifu.

Wazee walisema, vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Anayetaka kujua kama taa zake ni njema asisimame mbele ya gari kuzistaajabia. Na amwombe mwenzake aliendeshe gari usiku, taa zikiwa dimu, naye akasimame ukingoni anaposimama yule mama mwenye beseni la usipa. Akiona gari na bado aiona njia, taa hizo ni njema. Akipofuka, na azing'oe kesho yake asubuhi, hata kama zimesifiwa na mji mzima.