Chombo cha Umeme: Deni ni la Nani?

Umeme wa gridi ya taifa umekwisha kuingia katika Mkoa wa Kigoma, mkoa ambao kwa miongo mingi ulitegemea majenereta ya dizeli. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Mwaka huo huo treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na mkataba wa kujenga kipande cha reli hiyo kutoka Tabora hadi Kigoma ulikuwa umetiwa saini Desemba 2022. Si ajabu basi kwamba swali la pikipiki, bajaji na gari la umeme linaulizwa hata huku Simbo, ambako barabara ya Ilagala na Kalya inaanzia.

Wengi wanaolizungumza jambo hili hutazama mashine: inakwenda kasi gani, inapanda mlima gani, inachaji kwa saa ngapi. Hayo ni maswali ya haki. Walakini swali kubwa zaidi halimo katika mashine bali katika karatasi mbili ambazo mnunuzi hutia saini kabla hajakabidhiwa ufunguo, yaani mkataba wa mkopo na hati ya bima. Karatasi hizo ndizo zinazoamua nani atabeba hasara siku mambo yatakapokwenda mrama. Msimamo wetu ni kwamba hasara hiyo isiachwe juu ya mabega ya dereva peke yake.

Maneno haya tunayaelekeza kwa watendaji wa Serikali, na pia kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba. Mtu aweza kuuliza Simbo na Visiwani vina uhusiano gani katika jambo hili. Uhusiano upo, nao ni waya. Unguja imekuwa ikipokea umeme wa Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 1980, na waya wa pili, mkubwa zaidi, uliongezwa mwaka 2013. Pemba iliungwa kutoka Tanga mwaka 2010. Mwananchi wa Fumba na mwananchi wa Ujiji, ingawa wametengwa na nchi nzima, sasa hunywa katika mtungi mmoja.

Tena ndugu zetu wa Unguja wanalo somo ambalo sisi wa ziwani hatuna budi kulisikiliza. Mwezi Mei 2008 kisiwa kiliingia gizani kwa takribani mwezi mmoja. Desemba 2009 giza lilirudi, na mara hiyo lilidumu kama miezi mitatu. Hoteli zilinunua majenereta, vyakula vikaharibika, visima vya pampu vikanyamaza. Sasa tujiulize: lau kama wakati ule vijana wa Darajani wangekuwa na bajaji za umeme za mkopo, nani angelipa marejesho ya miezi mitatu ya giza? Benki isingelisamehe deni. Bima ya kawaida nayo ingesema kwamba bajaji haikugongwa wala haikuibwa. Angebaki kijana na chombo kizima kisichotembea.

Hatusemi haya ili kuwatisha watu. Faida ya chombo cha umeme ni ya kweli, na hesabu yake yaweza kufanywa na mtoto wa shule. Tuchukue mfano wa pikipiki inayokwenda kilomita 100 kwa siku. Ikila lita mbili na nusu za petroli, na lita ikiwa shilingi 3,000, dereva ametumia shilingi 7,500. Pikipiki ya umeme ya ukubwa huo yaweza kutumia uniti nne hivi. Kwa bei ya takribani shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, gharama yake haizidi shilingi 1,500. Dereva ameokoa kama shilingi 6,000 kwa siku, na akifanya kazi siku 26 ameokoa shilingi 156,000 kwa mwezi. Kwa baba wa familia hiyo ni karo, ni unga, ni dawa.

Hesabu ya pili, ambayo watu wengi hawaifanyi, ni ya deni. Tuseme, kwa mfano tu, pikipiki hiyo inauzwa shilingi milioni tano kwa mkopo wa miaka miwili, na mkopeshaji anasema riba ni asilimia 20 kwa mwaka. Maneno hayo yana maana mbili. Riba ikihesabiwa juu ya deni lote la mwanzo mpaka siku ya mwisho, mkopaji atalipa riba ya shilingi milioni mbili kamili, yaani kiasi cha shilingi 291,700 kila mwezi. Ikihesabiwa juu ya deni lililobaki baada ya kila rejesho, atalipa kiasi cha shilingi 254,500 kwa mwezi, na riba yote itakuwa milioni moja na laki moja hivi. Asilimia ni ile ile iliyoandikwa kwenye bango, lakini tofauti yake ni karibu shilingi laki tisa. Mkopeshaji anaijua tofauti hiyo. Mkopaji aghalabu haijui. Hapo ndipo unyonyaji unapoingia, umevaa kanzu ya hisabati.

Biashara ya namna hii si ngeni baina ya Ujiji na Unguja. Katika karne ya 19 misafara iliyofika ukingo wa Ziwa Tanganyika ilitoka pwani na bidhaa za mkopo. Wafanyabiashara wakubwa wa Unguja, miongoni mwao Taria Topan, waliwakopesha wasafiri kama Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, vitambaa na shanga, wakitarajia kulipwa pembe za ndovu baada ya miaka. Mkopeshaji alijikinga kwa kupandisha bei ya bidhaa tangu mwanzo. Msafiri naye alijikinga kwa kuwabana wapagazi na kuwatenda dhuluma watu wa bara, hata kuwauza. Hasara ilishuka ngazi kwa ngazi mpaka ikamkuta mnyonge asiyekuwa na wa kumshushia. Zama zile zimekwisha, walakini mkataba usioeleza hasara ni ya nani bado hufuata njia ile ile.

Tazameni utaratibu wa bodaboda tunaouita mkataba. Tajiri hununua pikipiki, dereva huleta hesabu kila siku kwa muda waliokubaliana, kisha chombo huwa chake. Utaratibu huu umewapatia vijana wengi mali, na hatuubezi. Lakini pikipiki ikiibwa mwezi wa kumi, au dereva akivunjika mguu, mara nyingi jasho lake lote hupotea, kwa kuwa bima iliyokatwa ni ile ndogo inayotakiwa na sheria. Bima hiyo humlinda mtu wa tatu aliyegongwa, lakini haimlipi dereva pikipiki yake. Bima kubwa ndiyo inayolinda chombo chenyewe. Kwa gari dogo la binafsi kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5 ya thamani kwa mwaka. Gari la shilingi milioni 40 litahitaji kiasi cha shilingi milioni 1.4, mbali na kodi. Mtumishi anayekopa gari la umeme asipoiweka fedha hiyo katika hesabu yake tangu mwanzo, mwaka wa pili atajikuta amerudi kwenye bima ndogo, ilhali deni lake bado ni kubwa.

Katika chombo cha umeme kuna jambo la ziada, nalo ni betri. Betri ni sehemu kubwa ya bei ya chombo, na huchakaa hata kama dereva ni mwangalifu. Bima hulipa ajali, hailipi uchakavu. Kwa hiyo kila mnunuzi anapaswa kuuliza, na kuandikiwa, mambo haya: Je, betri imetajwa katika hati ya bima kwa thamani yake? Ikiharibika kwa hitilafu ya umeme wakati wa kuchaji, nani atalipa? Maji yakiingia, fidia ipo? Swali hili la mwisho si la mzaha kwetu, kwa maana tumeona Ziwa Tanganyika likipanda na kufunika mialo, nyumba na barabara za ukingoni mwaka 2020 na tena mwaka 2024. Na dhamana ya kiwanda ni ya miaka mingapi, na je, mkopo unakwisha kabla dhamana haijakwisha? Deni linaloishi zaidi ya betri ni jambo la hatari.

Majirani zetu wamekwisha kulitafakari jambo hili. Mjini Kigali kampuni ya Ampersand ilianza biashara mwaka 2019 kwa utaratibu ambao dereva hununua pikipiki, lakini betri hubaki mali ya kampuni. Betri ikiisha, dereva huiacha kituoni na kuchukua iliyojaa, akalipia umeme aliotumia. Mjini Nairobi kampuni ya BasiGo iliwawezesha wenye mabasi kununua basi bila betri na kulipia betri kwa kila kilomita. Maana yake ni kwamba mkopo unapungua, na uchakavu unabebwa na yule mwenye mtaji na mafundi. Hatupaswi kunakili kila kitu, kwani Kigali ni mji wenye vituo vya karibu, ilhali njia ya kutoka Simbo kwenda Kalya ni ndefu na vijiji vimetawanyika. Lakini kanuni yenyewe ni ya haki: anayeifahamu hatari na kuimudu ndiye aibebe.

Wapo watakaosema kwamba benki haziwezi kukopesha chombo ambacho soko lake la mkononi halijulikani, na kwamba kampuni za bima haziwezi kupanga ada bila kumbukumbu za ajali. Hoja hiyo ina uzito. Benki huogopa kwa sababu chombo kikirudishwa haijui itamuuzia nani. Lakini woga huo hautibiwi kwa kumpandishia riba kijana wa Ujiji. Unatibiwa kwa wengi kubeba pamoja, na nyenzo za kazi hiyo nchini mwetu tayari zipo.

Ya kwanza ni mikopo ya halmashauri. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri za Bara kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya usimamizi mbaya, kisha ikarejeshwa mwaka uliofuata. Visiwani yupo Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi. Kikundi cha madereva chenye vyombo kumi, kituo kimoja cha kuchaji na hati moja ya bima kitapata masharti bora kuliko watu kumi waliotawanyika.

Ya pili ni bima ya kusaidiana. Waislamu wengi, Visiwani na huku Ujiji, wameacha kukopa na kukata bima kubwa kwa kuchelea riba. Serikali isiwahesabu kuwa watu waliokataa maendeleo. Ipo Amana Bank tangu mwaka 2011, na Benki ya Watu wa Zanzibar ina huduma za Kiislamu, ambapo benki hununua chombo na kumuuzia mteja kwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1969, limefungua takaful, ambamo wanachama huchangia mfuko mmoja ili kufidiana. Asiyekuwa Mwislamu pia hakatazwi kuingia. Huduma hizo zikifika ukingo wa ziwa kama zilivyofika Darajani, mlango mkubwa utakuwa umefunguka.

Kwa hiyo tunawaomba watendaji wa Serikali mambo manne. Benki Kuu isimamie kwamba kila mkopo wa chombo unatangazwa kwa jumla ya shilingi zitakazolipwa, si kwa asilimia tu. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima itoe mwongozo wa betri, utakaoeleza kwa Kiswahili chepesi kilichomo na kisichokuwamo katika hati. Halmashauri zitumie sehemu ya asilimia 10 kwa vikundi vya usafiri wa umeme, na zisitoe fedha kabla ya bima kukatwa. Na vyuo vya ufundi stadi vifundishe mafundi wa vyombo hivi huku huku mikoani, maana chombo kisichokuwa na fundi hakina thamani ya rehani, na bima yake haiwezi kuwa rahisi.

Kwa upande wao wananchi, hasa vijana, wasitie saini karatasi wasiyoielewa. Waiombe nakala, waende nayo nyumbani, wamsomee mzee, mwalimu au mtu yeyote ajuaye hesabu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mkataba ulioandikwa kwa haki waweza kuyazuia matanga hayo, na kazi ya kuuandika hivyo haikuhitaji kusubiri siku ambayo pikipiki ya kwanza ya mkopo itazimika njiani kati ya Simbo na Ilagala.