Rasimu ya pili ya jarida la mwanafunzi ipewe alama

Wanafunzi wa Uingereza waliosoma somo la vyombo vya habari chini ya bodi ya mitihani ya OCR, ngazi ya AS, waliifahamu vizuri kazi moja: kubuni jarida jipya la muziki. Aliyechagua upande wa machapisho alitakiwa kutoa jalada, ukurasa wa yaliyomo na makala iliyotandazwa katika kurasa mbili zinazotazamana. Maandishi yawe yake, picha zisipungue nne na zote ziwe kazi yake mwenyewe. Kabla ya hapo alipitia zoezi dogo la jarida la shule. Alama zilikuwa 100: 20 za utafiti na maandalizi, 60 za jarida lenyewe, 20 za tathmini. Mwaka 2017 mitaala mipya ilianza kufundishwa na kazi ile ikabadilika, ingawa mtaala wa kimataifa wa Cambridge nao umekuwa na kazi ya jarida inayofanana nayo sana. Ni kazi nzuri, na ningependa shule za Afrika Mashariki ziige. Lakini mgao ule wa alama una kasoro moja isiyofaa kuigwa. Rasimu zilihesabiwa ndani ya zile 20 za mwanzo, zikachanganywa na utafiti na mipango mingine yote, na kitendo cha kurudi kwenye ukurasa uliokwisha kupangwa na kuubomoa hakikuwa na fungu lake. Nasema kitendo hicho ndicho somo lenyewe, na kinastahili alama zake.

Tazama jalada la kwanza la mwanafunzi lilivyo mara nyingi. Mwimbaji amesimama katikati, kichwa chake kimefunika herufi mbili za jina la jarida. Fonti ni tano. Maneno meupe yamepita juu ya shati la maua, hayasomeki. Kila habari imeandikwa kwa ukubwa uleule, kwa hiyo hakuna inayojitokeza. Akiambiwa arekebishe, mwanafunzi hugeuza nyekundu kuwa buluu, huongeza kivuli nyuma ya herufi, kisha hurudisha kazi. Huko ni kufuta vumbi tu. Kurekebisha kunaanza na maswali: nani atalinunua, na jicho lake litue wapi kwanza? Uso kufunika jina, kwa mfano, si kosa kila mahali. Jarida la muziki la Rolling Stone limefanya hivyo mara nyingi, kwa sababu mnunuzi analitambua hata akiona nusu ya herufi zake. Jarida ambalo halijawahi kutoka halina mtaji huo. Msomaji asipolisoma jina leo, kesho hatalitafuta. Tena, kwenye meza ya muuza magazeti majarida hulaliana, na mara nyingi kinachobaki wazi ni ukanda wa juu au wa kushoto. Mwanafunzi akilielewa hilo, ataishusha picha mwenyewe.

Kurasa mbili za ndani ni mtihani mgumu zaidi, hasa jarida likiwa la Kiswahili. Maneno kama “aliyemtambulisha” na “zilizomsababishia” hayaingii kirahisi kwenye safu nyembamba. Ukiamuru mistari ilingane kingo zote mbili, programu hutawanya maneno matatu mstari mzima, na mashimo meupe hushuka ukurasa kutoka juu hadi chini. Programu ikiachwa ifuate kanuni za Kiingereza, hukata maneno ovyo pia: “wanamuziki” likatwe “wanamu-ziki”, lisije likatokea “wanam-uziki”. Tiba zipo: safu mbili badala ya tatu, au ukingo wa kulia uachwe bila kulingana. Lakini tiba ya tatu ndiyo inayouma, nayo ni kupunguza maneno. Mwandishi wa maneno 900 aliyegundua kwamba nafasi inatosha 600 ana njia mbili: apunguze fonti mpaka isisomeke, au aitupe aya aliyoipenda. Hapo anaanza kuwa mhariri. Kuna pia suala la mkunjo. Kwenye kioo cha kompyuta kurasa mbili zinaonekana karatasi moja iliyonyooka, kumbe zikichapwa na kukunjwa, uso wa msanii aliyewekwa katikati unamezwa. Kosa hilo halionekani mpaka rasimu iwe mkononi.

Majarida makubwa yenyewe yamepitia njia hiyohiyo. Rolling Stone lilipoanza San Francisco mwaka 1967, jina lake lilichorwa na Rick Griffin, msanii wa mabango, na mchoro uliotumika ulikuwa rasimu aliyokuwa hajaimaliza. Miaka 10 baadaye, mwaka 1977, Jim Parkinson alipewa kazi ya kuuchora upya, na mwaka 1981 akaurudia tena. The Source, lililokuja kuwa jarida kubwa la hip hop Marekani, lilianza mwaka 1988 kama karatasi ya habari ya wanafunzi wa Harvard. Wahariri wa majarida ya namna hii wana toleo lijalo la kusahihishia lililopita. Mwanafunzi ana toleo moja tu, kwa hiyo nafasi ya kusahihisha lazima mwalimu amtengenezee ndani ya muhula.

Wapo watakaosema marekebisho yanaua moto wa kijana, na watautaja ushahidi wenye uzito. Mwaka 1976 Mark Perry, karani wa benki London, alianzisha Sniffin’ Glue kwa taipureta na kalamu nene, makosa yamekatwa kwa mstari na kuachwa yaonekane, na jarida hilo likawa sauti ya muziki wa punk. Mwaka 1994 David Carson, msanifu wa Ray Gun, aliyachapa mahojiano ya mwimbaji Bryan Ferry kwa fonti ya alama tupu isiyosomeka. Naiheshimu mifano hiyo, lakini wote wawili walijua wanachokivunja. Perry alikuwa akiwaandikia mashabiki wa muziki mkavu, usiopambwa, na ukurasa wake ulifanana nao. Carson alikuwa amekwishajenga wasomaji waliozoea kuusoma ukurasa wake kwa taabu. Mwanafunzi naye ana haki ya kuvunja kanuni, mradi katika rasimu ya pili aweze kueleza kwa nini, na mtu mwingine aone sababu hiyo ukurasani.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi ni la udanganyifu. Ukitoa alama kwa maboresho, mwanafunzi mjanja ataharibu rasimu ya kwanza makusudi ili ya pili ing’ae. Jibu ni kutopima umbali kati ya rasimu mbili. Pima sababu. Wanafunzi wawili wa darasa jingine wapewe jalada kwa sekunde chache, kisha waandike kwa mkono wao jarida linaitwaje, linahusu muziki gani na wameona nini kwanza. Karatasi hizo ziambatanishwe na kazi, na mbunifu aonyeshe alichokibadili kutokana nazo na alichokataa kukibadili. Aliyeigiza makosa atajikuta akijibu majibu asiyoyatunga yeye.

Kuhusu vifaa, Sniffin’ Glue linatosha kuwa jibu: rasimu ya kwanza haihitaji kompyuta, inahitaji karatasi, mkasi na gundi. Na wanaosema majarida ya muziki yamekwisha, kwa kuwa NME lilisitisha toleo la karatasi la kila wiki mwaka 2018 na Q likafungwa mwaka 2020, wasisahau kwamba NME lilirudi kwenye karatasi mwaka 2023. Hata lisingerudi, kuamua kipi kiwe kikubwa, kipi kiwe kidogo na kipi kiondolewe ni kazi ya kila siku ya anayetengeneza bango la tamasha au ukurasa wa simu.

Walimu wanaopanga kazi ya namna hii muhula ujao, naomba wachukue alama 20 kutoka zile 60 za jarida lililokamilika, wazipe rasimu ya pili, na wawatangazie wanafunzi tangu siku ya kwanza. Tarehe ya kukusanya rasimu ya kwanza iwe katikati ya muhula, muda wa kubomoa ungalipo.