Muhuri Umesafiri, Mwapaji Yuko Wapi?

Mkaazi wa Mikumi anayepotelewa na cheti, au anayetaka kuandikishiana mauziano ya shamba, hana budi kumtafuta wakili ambaye ni Kamishna wa Viapo. Akimkosa karibu, hupanda gari kupitia Ulaya hadi Kilosa, makao makuu ya wilaya, na masika yakikolea safari hiyo humla siku nzima. Siku hizi ameonyeshwa njia nyepesi. Huzipiga picha karatasi zake, huzituma kwa simu, hulipa kwa simu hiyo hiyo, na kabla ya adhuhuri hurudishiwa hati yenye saini na muhuri. Hati hiyo inasema kuwa ameapa Kilosa, mbele ya wakili, tarehe fulani. Naye hakutoka Mikumi.

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba asidhani kuwa haya ni mambo ya bara peke yake. Kijana wa Wete anayeomba fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutakiwa uthibitisho wa kiapo kama mwenzake wa Mikumi, na bahari iliyo baina ya visiwa na bara humshawishi kutafuta njia ya mkato kuliko barabara yoyote ya vumbi.

Tuanze kwa kumtendea haki wakili. Wakili wa wilayani anayejitegemea halipwi mshahara na mtu. Analipa pango, ada ya leseni kila mwaka na michango ya Chama cha Wanasheria wa Tanganyika, na mashauri makubwa hayamfikii kila mwezi. Hati ndogo ndogo ndizo zinazoiendesha ofisi: kiapo cha kupotelewa na kadi ya gari, tofauti ya majina kwenye vyeti, nakala za vyeti vya waombaji wa ajira. Msimu wa maombi ya mikopo ukifika wateja huongezeka, na mteja wa mbali anayelipa kwa simu ni riziki ambayo zamani ingempita. Hatuoni dhambi katika kuitafuta riziki hiyo. Dhambi inaingia pale muhuri unapokabidhiwa mwenye duka la stesheneri aupige mwenyewe, kisha jioni wagawane. Hapo wakili hauzi tena kazi yake. Anakodisha jina lake.

Maana ada ya kiapo si bei ya wino. Mwananchi hulipia macho ya mtu mwaminifu aliyemwona, akamtambua na kumwuliza kama anakijua anachokiapia. Sisi tuliopita chuoni kabla ya skuli twaikumbuka aya ya deni katika Suratul-Baqara, inayotaka mwandishi muadilifu na mashahidi. Shahidi asiyeshuhudia ni shahidi wa nini?

Kilosa ni mahali pabaya pa kufanyia mzaha huu. Ni wilaya ya mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa na mengine kufutiwa hati, na ya ugomvi wa wakulima na wafugaji uliomwaga damu Rudewa mwaka 2000. Ni wilaya iliyokumbwa na mafuriko ya Mto Mkondoa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, na nyumba inapokwenda na maji, nyaraka nazo hazisalimiki. Katika nchi ya namna hiyo, kiapo cha uongo kuhusu nani alimuuzia nani ekari ngapi chaweza kumtoa mjane shambani mwake.

Sheria nayo haikunyamaza. Kifungu cha 8 cha Sura ya 12 kinamtaka kamishna ataje kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa. Marekebisho ya 2016 yakaongeza kuwa aandike na jina lake. Mwaka 2002, katika shauri la D.B. Shapriya dhidi ya Bish International, Mahakama ya Rufani ilikataa kiapo kwa sababu mahali hapakutajwa. Iwapo kutotaja mahali kunaua hati, kutaja mahali pa uongo tukuiteje?

Lakini kukemea peke yake hakutoshi, na hapa twasema na wenye mamlaka. Kanuni za mwaka 2021 zimeziruhusu mahakama zetu kusikiliza mashauri kwa njia ya picha na sauti, watu wakiwa mbalimbali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitambua saini ya kielektroniki. Jimbo la Virginia, Marekani, lilitunga mwaka 2011 sheria ya kuthibitisha hati kwa mbali, mwapaji akionekana kwenye kioo na kumbukumbu ya picha ikihifadhiwa. Kama shahidi aweza kusikilizwa na Jaji akiwa mbali, kwa nini mkulima wa Mikumi asiweze kuapa kwa wakili wa Kilosa akionekana uso, kitambulisho chake cha NIDA kikihakikiwa, na hati ikisema wazi kuwa mmoja alikuwa Mikumi na mwingine Kilosa? Wizara ya Katiba na Sheria itunge kanuni hizo, iweke na kiwango cha ada ambacho mnyonge anakimudu, ili wakili ale kwa jasho lake na mwananchi aokoe nauli.

Kabla ya hayo, ofisa anayepokea karatasi dirishani asitosheke na duara la wino. Mfumo wa e-Wakili wa Mahakama upo. Aulize humo kama mwenye muhuri ni wakili kweli, kisha amuulize mwananchi aliyesimama mbele yake swali moja: siku ile ulipoapa, wakili ulimwona?