Sheria ya Ardhi Haikai Kampala Peke Yake

Wewe mwanafunzi wa sheria uliyechagua ardhi, mbona wang'ang'ania ofisi za Kampala, ukabebe mafaili na kutoa nakala? Katiba ya 1995 inautambua umiliki wa kimila, nao ndio ulioenea hapa Abuku, wilayani Koboko. Migogoro yake husikilizwa na mahakama za mabaraza ya mitaa, kwa mamlaka ya sheria ya 2006. Mwombe mwenyekiti ruhusa, uketi, uandike. Msikilize mjane anayeutaja mwembe wa baba mkwe wake kuwa ndio mpaka, hati hana. Usipoujua ushahidi wa namna hiyo, utamtetea kwa lipi? Na chuo kitakachoyakataa mafunzo hayo kwa kukosa muhuri wa kampuni ya mawakili, kitueleze kinamwandaa wakili wa nani.